Siku tatu mjini Brussels: pa kulala, pa kula na pa kukumbuka

Brussels, mji mkuu wa Ubelgiji, hutajwa karibu kila siku katika taarifa za habari. Husemwa kwamba Brussels imeamua, Brussels imekataa, Brussels imeahirisha, hata msikilizaji wa Bukavu, Kigoma au Mombasa akazoea kuudhani mji huo kuwa ni ofisi za Umoja wa Ulaya na makao makuu ya jumuiya ya kujihami ya NATO, basi. Lakini Brussels ni mji wenye masoko, mikahawa, vichochoro na harufu ya chokoleti, na mtu aliye na siku tatu tu za mapumziko anaweza kuutembea sehemu kubwa kwa miguu. Na kwa mgeni atokaye Afrika Mashariki na Kati kuna jambo moja zaidi: katika shaba ya sanamu za mji huo na katika mawe ya matao yake imo sehemu ya historia yake mwenyewe, na vitabu vingi vya watalii huipita kwa sentensi moja.

Kabla ya safari

Raia wa Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo wanahitaji viza ya Schengen ili kuingia Ubelgiji. Ada ya viza ya muda mfupi kwa mtu mzima imekuwa euro 90 tangu mwezi Juni mwaka 2024, na mwombaji sharti awe na bima ya safari inayogharimia matibabu hadi kiasi cha euro 30,000. Ombi linaweza kuwasilishwa miezi sita kabla ya safari, na halipaswi kuchelewa kupita siku 15 kabla yake. Walio wazoefu hawangoji hadi mwisho, kwani ada hairejeshwi ombi linapokataliwa.

Uwanja wa ndege upo Zaventem, kaskazini mashariki ya mji, na treni huchukua kiasi cha dakika 20 kufika kituo cha kati. Walio tayari barani Ulaya hufika kwa treni ya kasi kutoka Paris, London au Amsterdam na kushuka katika kituo kikubwa cha kusini. Hapo ndipo mgeni hukutana na fumbo la kwanza la mji: kituo hicho kinaitwa Midi kwa Kifaransa na Zuid kwa Kiholanzi, na majina yote mawili yameandikwa ubaoni. Brussels ni mji wa lugha mbili kwa mujibu wa sheria. Kila mtaa una majina mawili, na mtu asiyejua hilo huweza kudhani amepotea ilhali amesimama pale pale alipokuwa akipatafuta. Aidha, mji huu umegawanyika katika manispaa 19, kila moja na meya wake, na wenyeji hujitambulisha kwa manispaa zao: huyu wa Ixelles, yule wa Schaerbeek, mwingine wa Molenbeek.

Nyaraka za kusafiria zisiachwe hotelini. Sheria ya Ubelgiji humtaka mtu awe na kitambulisho chake anapokuwa njiani, na mgeni huonyesha pasipoti.

Pa kulala

Hoteli zilizo karibu na uwanja mkuu wa kale, Grand-Place, ndizo zinazopendwa zaidi na watalii, na bei zake hufuata mapenzi hayo. Ipo njia nyingine ambayo wasafiri wazoefu huitumia. Katika mtaa wa taasisi za Umoja wa Ulaya, hoteli nyingi zilijengwa kwa ajili ya maofisa na wajumbe wa mikutano. Ijumaa jioni maofisa hao hurejea makwao, vyumba hubaki vitupu na bei hushuka. Hali huwa hivyo hivyo mwezi Agosti, wakati shughuli za Umoja wa Ulaya zinapokwenda likizo. Kwa hiyo mtu anayekuja kwa mapumziko ya mwisho wa wiki huweza kulala pazuri kwa bei nafuu kuliko mwanadiplomasia aliyelala chumba hicho hicho Jumanne.

Sehemu nyingine inayofaa ni Ixelles, karibu na kituo cha metro cha Porte de Namur, yaani Lango la Namur. Kutoka hapo, katikati ya mji ni mwendo wa miguu, na upande wa pili wa barabara ndipo unapoanzia mtaa wa Matonge, ambao makala haya yatarejea kwake.

Katika barabara ya Adolphe Max ipo hoteli ya Plaza, ambayo historia ya Afrika inaikumbuka. Kuanzia tarehe 20 Januari 1960, wanasiasa wa Kongo walikutana mjini Brussels na serikali ya Ubelgiji katika mkutano ulioitwa wa Meza ya Duara. Patrice Lumumba alitolewa gerezani ili ahudhurie. Tarehe 27 Januari ilipokubaliwa kwamba Kongo itakuwa huru ifikapo tarehe 30 Juni, Joseph Kabasele na bendi yake ya African Jazz, waliokuwa wamekuja pamoja na wajumbe, waliusherehekea uamuzi huo kwa wimbo mpya, Indépendance Cha Cha. Wimbo ulioimbwa na nusu ya bara la Afrika ulizaliwa katika majira ya baridi ya Brussels.

Pa kula

Wabelgiji wana mambo mawili ya chakula wasiyokubali kuyafanyia mzaha, nayo ni chipsi na chokoleti. Chipsi zao hukatwa nene, hukaangwa mara mbili, kisha hutiwa katika karatasi iliyokunjwa kama pia na kuliwa kwa sosi ya mayai barabarani, hata mvua ikinyesha. Mgeni Mwislamu au asiyekula nyama yafaa aulize kwanza, kwa sababu wapishi wanaofuata desturi ya zamani hukaanga kwa mafuta ya ng'ombe. Chakula kingine mashuhuri ni kome wa baharini, wanaoletwa mezani ndani ya sufuria nyeusi pamoja na chipsi. Hapo pia swali ni muhimu, kwani mara nyingi kome hao hupikwa kwa mvinyo mweupe.

Migahawa iliyo katika vichochoro vya karibu na Grand-Place humwita mpita njia kwa sauti na picha kubwa za vyakula. Wenyeji wengi huipita tu. Wao huenda Saint-Gilles, Ixelles, au katika uwanja wa Sainte-Catherine, palipokuwa bandari ya mji kabla ya mifereji kufukiwa, na ambapo samaki bado ni biashara kuu. Nyama halali si shida kupatikana katika Molenbeek na Schaerbeek, na kila Jumapili asubuhi soko la kituo cha Midi hujaa zeituni, nanaa, viungo, kuku wa kuchoma na mikate bapa ya Kimorocco, katika umati unaomkumbusha mgeni soko la Kariakoo siku ya mkesha wa Idi.

Lakini mgeni aliyekwisha kuchoka na chipsi huelekea Matonge. Katika kijia cha Longue Vie, maana yake Maisha Marefu, na katika barabara ya Wavre, milango ya migahawa midogo hufunguka na kutoa harufu zinazojulikana. Humo hupikwa sombe, ile ambayo Mtanzania huiita kisamvu na mtu wa Kinshasa huiita pondu. Kuna makayabu, samaki wa chumvi apikwaye kwa nyanya na vitunguu. Kuna liboke, samaki aliyefungwa kwenye majani na kuwekwa juu ya moto. Kuna mbuzi wa kuchoma, ndizi za kukaanga, na fufu ambayo mtu wa Mwanza hatahitaji kufundishwa namna ya kuimega. Chakula hakiharakishwi. Anayeingia saa saba mchana akitarajia kutoka saa saba na nusu amekosea mlango.

Pa kununua

Barabara ya Neuve ndiyo ya maduka makubwa ya nguo za bei ya kawaida, na barabara ya Louise ndiyo ya wenye mifuko mizito. Anayetaka kuona duka kama lilivyokuwa katika karne ya 19 aingie katika ujia wa Saint-Hubert, uliofunguliwa mwaka 1847 na kuezekwa kwa vioo, hatua chache kutoka Grand-Place. Ndani ya ujia huo Jean Neuhaus alifungua duka la dawa mwaka 1857, na mjukuu wake, mwaka 1912, akabuni pralini, yaani chokoleti iliyojazwa kitu laini ndani. Kakao haioti Ubelgiji. Sehemu kubwa ya kakao ya dunia hutoka Afrika Magharibi, hasa Ivory Coast na Ghana, na thamani nyingi huongezwa baada ya gunia kuvuka bahari. Ni jambo la kutafakari wakati mtu anapofungua sanduku dogo lenye utepe.

Kwa wapendao vitu vikuukuu, soko la uwanja wa Jeu de Balle, katika mtaa wa Marolles, limekuwapo tangu mwaka 1873 na hufunguliwa kila siku. Bidhaa hutandazwa juu ya mawe: saa zilizokufa, vyombo vya fedha, picha za harusi za watu wasiojulikana. Miongoni mwa vitu hivyo, mara kwa mara, huonekana picha na vinyago vilivyoletwa kutoka Kongo na familia za maofisa wa ukoloni, ambavyo wajukuu hawakujua wavifanyie nini. Juu kidogo ya Marolles upo mtaa wa Sablon, ambapo vinyago vya namna hiyo huwekwa nyuma ya vioo safi na kuuzwa kwa maelfu ya euro. Mnunuzi mwenye busara huuliza swali moja: kilitoka mikononi mwa nani, na kwa njia gani? Jibu, au ukosefu wake, humfunza zaidi kuliko bei.

Katika Matonge ununuzi ni wa aina nyingine. Ndani ya ujia wa maduka unaounganisha barabara ya Ixelles na ile ya Wavre, wasusi hufanya kazi mlango kwa mlango, na vitenge hupangwa hadi darini. Wengi hushangaa kuambiwa kwamba kile kitenge cha thamani kiitwacho cha Kiafrika hutengenezwa Helmond, Uholanzi, na kampuni ya Vlisco iliyoanzishwa mwaka 1846.

Matonge ilitokana na nini

Jina hilo limetoka Kinshasa, katika wilaya ya Kalamu, kwenye mtaa wa muziki na starehe. Lilivukaje bahari? Mwaka 1961, mwaka mmoja baada ya uhuru, ilifunguliwa katika Ixelles Nyumba ya Afrika, bweni la wanafunzi kutoka Kongo. Wanafunzi walihitaji pa kula, pa kunyoa na pa kukutana. Biashara zikafuata, na kufikia miaka ya 1970 na 1980 mtaa mzima ukajulikana kwa jina la Matonge. Leo humo wamo pia Warwanda, Warundi, Wasenegali, Wakameruni, Wahindi na Wapakistani.

Hata hivyo, Waafrika wengi wanaoonekana Matonge mchana hawalali hapo. Wanaishi katika manispaa nyingine na kuja kufanya kazi, kununua chakula, kutafuta habari za nyumbani. Mtaa huo umekaa kati ya maduka ya kifahari ya barabara ya Louise na ofisi za Umoja wa Ulaya, na kila upande unasukuma kodi za nyumba kwenda juu. Kwa sababu hiyo mgeni anayekula sahani ya sombe katika kijia cha Maisha Marefu anakuwa mteja wa mtaa unaopigania maisha hayo.

Mwanzoni mwa mtaa, kando ya kituo cha Porte de Namur, kuna kibao chenye jina la uwanja wa Patrice Lumumba. Wanaharakati waliudai kwa miaka mingi, na ulizinduliwa tarehe 30 Juni 2018. Umbali mfupi kutoka hapo ni kasri la Egmont, ambako tarehe 20 Juni 2022 serikali ya Ubelgiji iliikabidhi familia ya Lumumba jino moja, mabaki pekee ya kiongozi huyo aliyeuawa Katanga tarehe 17 Januari 1961. Afisa wa polisi wa Kibelgiji aliyeshiriki kuuangamiza mwili wake ndiye aliyelichukua. Jeneza lililobeba jino hilo lilipelekwa Kongo na kuzungushwa nchini kabla ya kuzikwa Kinshasa.

Pa kutembelea

Grand-Place haikosekani katika ratiba yoyote. Uwanja huo ulibomolewa kwa mizinga ya Wafaransa mwaka 1695 na kujengwa upya kwa miaka michache tu na vyama vya mafundi: waokaji, watengeneza pombe, wachinjaji, kila chama kikijitafutia jumba la fahari kuliko jirani yake. Tangu mwaka 1998 umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Si mbali kutoka hapo imesimama sanamu ndogo ya mtoto anayekojoa, Manneken Pis, ambayo humvunja moyo kila mgeni kwa udogo wake na bado hupigwa picha na kila mgeni.

Kaskazini ya mji, katika eneo la Heysel, upo mnara wa Atomium wenye matufe tisa na urefu wa mita 102, uliojengwa kwa ajili ya maonyesho ya dunia ya mwaka 1958. Katika maonyesho hayo hayo Ubelgiji ilijenga kijiji cha Kikongo, na Wakongo wakawekwa nyuma ya uzio ili watazamwe wakifanya kazi za mikono. Watazamaji waliwatupia ndizi. Baada ya matusi hayo Wakongo hao waliondoka kabla ya maonyesho kwisha. Miaka miwili baadaye nchi yao ilikuwa huru.

Upande wa mashariki limesimama tao la Cinquantenaire, lililokamilika mwaka 1905 kwa fedha za Mfalme Leopold wa Pili, wakati alipokuwa akiimiliki Kongo kama mali yake binafsi na kuivuna pembe za ndovu na mpira kwa mtutu wa bunduki. Yeye mwenyewe hakukanyaga Kongo hata siku moja. Sanamu yake juu ya farasi ipo katika uwanja wa Trône, nyuma ya kasri la mfalme, tangu mwaka 1926, nayo ina maandishi yanayosema kuwa shaba na bati yake vilitolewa bure na kampuni ya madini ya Katanga ya Juu. Mwaka 2020 ilimwagiwa rangi nyekundu wakati wa maandamano ya kupinga ubaguzi. Mwezi Februari 2022 kamati iliyoundwa na jimbo la Brussels ilitoa mapendekezo kadhaa, likiwemo la kuiyeyusha na kufanya mnara wa kuwakumbuka wahanga.

Hatua chache kutoka hapo, katika bustani ya de Meeûs, kwa miaka mingi kulikuwa na sanamu ya Emile Storms. Jina hilo lina maana ya pekee kwa watu wa Ziwa Tanganyika. Storms aliongoza kituo cha Karema, katika mkoa wa Katavi wa leo nchini Tanzania, na mwaka 1883 akaanzisha kituo cha Mpala ng'ambo ya ziwa. Mwezi Desemba 1884 watu wake walimuua mtemi Lusinga wa Watabwa na kumkata kichwa, na fuvu hilo likaletwa Ubelgiji, ambako limehifadhiwa kwa miongo mingi katika taasisi za kisayansi za Brussels. Sanamu ya Storms iliondolewa mwezi Juni 2022.

Tervuren, safari ya nusu siku

Siku ya tatu iwekewe Tervuren. Kutoka kituo cha Montgomery, tramu nambari 44 hupita katikati ya msitu wa Soignes, na watu husema ndiyo safari nzuri kuliko zote za tramu nchini Ubelgiji. Mwisho wa njia lipo Jumba la Makumbusho la Afrika, lililofunguliwa mwaka 1910, likafungwa kwa ukarabati mwishoni mwa 2013 na kufunguliwa tena mwezi Desemba 2018. Siku za Jumatatu hufungwa.

Katika bustani ya jumba hilo, mwaka 1897, Leopold aliwaleta Wakongo 267 na kuwaweka katika vijiji vya maonyesho kando ya bwawa. Zaidi ya watu milioni moja walikuja kuwatazama. Majira ya joto mwaka huo yalikuwa ya baridi na mvua, na saba kati ya wageni hao walifariki dunia. Majina yao ni Ekia, Gemba, Kitukwa, Mpeia, Zao, Samba na Mibange. Makaburi yao yapo karibu na kanisa la Tervuren, mwendo mfupi kutoka jumbani, na kuyazuru hakuhitaji tiketi.

Ndani ya jumba kuna ukuta wa zamani ulioandikwa majina ya Wabelgiji 1,508 waliofia Kongo. Majina ya Wakongo waliokufa humo hayamo. Wakati wa ukarabati, msanii wa Kinshasa Freddy Tsimba aliyaandika majina ya wale saba wa 1897 kwenye vioo vya madirisha yanayoukabili ukuta huo. Jua linapowaka, vivuli vya majina hayo hutua juu ya majina ya Wabelgiji. Siku ya mawingu ukuta hubaki kama ulivyokuwa.

Mjadala haujakwisha. Mfalme Philippe alieleza masikitiko yake kwa barua tarehe 30 Juni 2020, akayarudia mjini Kinshasa mwaka 2022, lakini hakuomba radhi. Tume ya bunge iliyochunguza enzi ya ukoloni ilimaliza kazi yake mwezi Desemba 2022 bila vyama kuafikiana juu ya neno hilo hilo. Sheria ya mwaka 2022 imefungua mlango wa kurejesha vitu vilivyochukuliwa kwa njia zisizo halali, ila mabaki ya binadamu hayamo katika sheria hiyo.

Mgeni atarudi kituoni jioni, atapanda tena tramu kupitia msituni, na huenda atashuka Montgomery akachukue metro hadi Porte de Namur kwa mlo wa mwisho. Waswahili husema tembea uone. Katika Brussels methali hiyo ina sharti moja: anayetembea aulize pia, kwa sababu mji huu hauelezi kila kitu kwenye vibao vyake, hata kama vibao hivyo vimeandikwa kwa lugha mbili.